Je, Wajua? Wimbo Unaoujua, Mji Usioujua

Sogea kidogo, kaa hapa. Unataka kuujua muziki wa nchi ambayo hujawahi kuikanyaga? Anza na wimbo uliokwisha kuukariri, kisha msikilize mtu wa huko akiupiga kwa ala za kwao, kwa lugha ya kwao, kwa mwendo wa kwao. Pale alipoupindisha, hapo ndipo utakapomsikia yeye na mji wake. Haya, shika la kwanza!

Je, wajua kwamba "Take Me Home, Country Roads", wimbo wa John Denver wa mwaka 1971 unaolisifu jimbo la West Virginia, ulianza kutungwa katika jimbo jingine kabisa? Bill Danoff na Taffy Nivert walikuwa wakipita barabara za Maryland, na West Virginia hawakuwa wamefika. Hata hivyo, mwaka 2014 West Virginia iliufanya kuwa mmoja wa nyimbo zake rasmi!

Tulia, hapo ndipo safari inapoanza. Mwaka 1973 Toots and the Maytals wa Jamaika waliuchukua wimbo huo, wakaiondoa West Virginia na kuiweka Jamaika ya Magharibi mahali pake. Besi ikashuka, gitaa likaanza kukatakata kama reggae inavyotaka. Mimi nasema wazi: toleo la Toots linalipita la Denver, na ukilisikia utaapa kwamba wimbo ulizaliwa Kingston.

Mwaka 1993 ikawa zamu ya Israel Kamakawiwoʻole wa Hawaii. Yeye akaupeleka Makaha, magharibi ya kisiwa cha Oahu, kwenye ufukwe wa wapanda mawimbi. Na mwaka 1995, katika filamu ya katuni ya Kijapani "Whisper of the Heart", msichana wa shule anauandika upya kwa lugha yake, halafu kwa utani anatunga toleo la pili kuhusu barabara za zege za Tokyo. Wimbo mmoja, makwao manne. Umehesabu?

Huyo huyo Israel ana kisa kingine. Mwaka 1988 alipiga simu studio mjini Honolulu usiku wa manane, akaomba aruhusiwe kurekodi kitu kidogo. Alifika na ukulele wake, akaketi, akaunganisha "Over the Rainbow" na "What a Wonderful World", akaimba mara moja tu, kwisha! Toleo hilo hilo la mara moja ndilo linalosikika duniani kote hadi leo.

Turudi kwenye reggae kidogo, maana huko kuna vituko. Je, wajua kwamba bendi ya UB40 ya Birmingham, Uingereza, iliimba "Red Red Wine" mwaka 1983 ikidhani mtunzi wake ni Mjamaika? Wao waliujua kupitia Tony Tribe, aliyeupiga kwa mtindo wa reggae mwaka 1969. Kwenye santuri waliona jina "N. Diamond", wakadhani ni ndugu fulani wa Kingston aitwaye Negus Diamond. Kumbe ni Neil Diamond wa New York! Na utamu ni huu: Neil Diamond mwenyewe baadaye alikuwa akiuimba jukwaani kwa mwendo wa reggae.

Bob Marley hakuwahi kufika namba moja kwenye chati kuu ya nyimbo Marekani. Wimbo wake ulifika. Eric Clapton aliuimba "I Shot the Sheriff" mwaka 1974, ukapanda hadi kileleni.

Na "Rivers of Babylon"? Wengi tunawatajia Boney M, waliotamba nao mwaka 1978 na kukaa namba moja Uingereza kwa wiki 5. Wenyewe ni The Melodians wa Jamaika, mwaka 1970. Sikiliza matoleo yote mawili siku moja, ukianza na lile la zamani. La zamani ni sala ya watu walioonewa. La pili ni sherehe.

Unawakumbuka waliocheza "Lambada" mwaka 1989? Kila harusi, kila ukumbi! Kundi la Kaoma liliundwa Ufaransa, mwimbaji wake Loalwa Braz alikuwa Mbrazili, na watu wakaamini wimbo umetoka Brazili. Kumbe ni wa Bolivia: Los Kjarkas walikuwa wameurekodi mwaka 1981 kwa jina la "Llorando se fue", wakitumia filimbi za watu wa milima ya Andes. Walikwenda kudai haki yao, wakaipata. Utafute huo wa mwanzo. Ni wa polepole, una majonzi, na hakuna anayezungusha kiuno.

Sasa twende Brazili ya kweli. Katika filamu "The Life Aquatic" ya mwaka 2004, Seu Jorge anaigiza baharia mwenye kofia nyekundu, anayeketi na gitaa moja na kuimba nyimbo za David Bowie kwa Kireno. Maneno hakuyatafsiri, aliandika yake mengi, akaacha sauti za gitaa zijivute kama mtu aliyemaliza kazi jioni ya Rio. Bowie alipomsikia alisema Seu Jorge ameupa muziki wake uzuri mpya ambao yeye hakuwahi kuusikia humo!

Bowie tena, shika hili haraka. "Space Oddity" ya mwaka 1969 inamhusu mwanaanga aliyepotelea angani, sivyo? Mwaka uliofuata Bowie aliuimba kwa Kiitaliano, maneno yakiwa ya mshairi Mogol. Humo chombo hakipo, anga hazipo. Ni kijana mpweke na msichana mpweke, basi.

"My Way" ya Frank Sinatra ni wimbo wa Kifaransa. Ndiyo, wa Kifaransa! Claude François aliuimba mwaka 1967 kwa jina la "Comme d'habitude", ukimhusu mtu ambaye penzi lake limegeuka mazoea ya kila siku. Paul Anka akauandikia maneno mapya kabisa ya Kiingereza. Uingereza toleo la Sinatra lilikaa wiki 75 ndani ya nyimbo 40 bora. Wiki 75!

Umechoka? Hata kidogo. Twende Japani. Mwaka 1963 Kyu Sakamoto alifika namba moja Marekani akiimba Kijapani kitupu, na akakaa hapo wiki 3. Huko nje wimbo wake uliuzwa kwa jina "Sukiyaki", ambalo ni jina la chakula cha nyama ya ng'ombe, na ndani ya wimbo hakuna chakula wala nyama. Mshairi wake, Rokusuke Ei, aliupata akirudi nyumbani kutoka kwenye maandamano ya kupinga mkataba wa kijeshi na Marekani, roho ikimuuma. Mwaka 1981 kundi la A Taste of Honey likauimba kwa Kiingereza kama wimbo wa mapenzi, ukafika namba 3. Maandamano, nyama, mapenzi: muziki ule ule.

Je, wajua kwamba ule mlio mkali wa gitaa unaofungua filamu "Pulp Fiction" ya mwaka 1994 ni wimbo wa kale wa Wagiriki? Unaitwa "Misirlou", na ulirekodiwa tangu miaka ya 1920. Dick Dale, ambaye baba yake alikuwa na asili ya Lebanoni, aliwahi kuulizwa na kijana mmoja kama anaweza kupiga wimbo mzima kwa uzi mmoja wa gitaa. Akaukumbuka huo, akauongezea kasi, na mwaka 1962 vijana wa fukwe za California wakapata kibao chao.

Hapo jirani na Wagiriki kuna ugomvi mtamu. Adela Peeva, mwongozaji filamu kutoka Bulgaria, alikuwa mezani Istanbul na marafiki wa mataifa mbalimbali ya Balkani, wimbo ukapigwa, na kila mmoja akasema, "Huu ni wa kwetu!" Akachukua kamera akazunguka nchi hadi nchi kumtafuta mwenye wimbo. Filamu yake ya mwaka 2003 inaitwa "Wimbo Huu ni wa Nani?" Mahali pengine unaimbwa kama wimbo wa mapenzi, pengine wa dini, pengine wa vita, na pengine swali lake lilikaribia kuzusha ngumi. Waturuki wanauita "Üsküdar'a Gider İken", na Eartha Kitt, Mmarekani mweusi, aliuimba kwa Kituruki mwaka 1953!

Rachid Taha, mzaliwa wa Algeria aliyekulia Ufaransa, alifanya ujanja ninaoupenda kuliko yote. Bendi ya The Clash ya London iliimba "Rock the Casbah" mwaka 1982, ikisimulia nchi za Kiarabu kwa mbali. Mwaka 2004 Taha akauimba kwa Kiarabu, kwa udi na ngoma na gitaa la umeme, akaurudisha kwa wanaosimuliwa. Mick Jones wa The Clash akaja kupiga naye jukwaani!

Mwalgeria mwingine, Khaled, alitamba mwaka 1996 na "Aïcha", uliotungwa na Mfaransa Jean-Jacques Goldman. Mwaka 2003 ukaibuka Denmark kwa Kiingereza, ukiimbwa na Outlandish: vijana watatu wa Copenhagen, mmoja mwenye asili ya Moroko, mmoja ya Pakistani, mmoja ya Honduras. Kwa wimbo mmoja tu, mitaa ya Copenhagen ya leo unaisikia.

Hapa nipe muda kidogo. Lahore, Pakistani, ilikuwa na viwanda vya filamu na wanamuziki mahodari wengi. Utawala wa kijeshi wa Zia ul-Haq, ulioanza mwaka 1977, ukaibana sana sanaa, filamu zikapungua, na mafundi wa sitari na fidla wakaanza kutafuta riziki kwingine. Ndipo Izzat Majeed, ambaye utotoni alimwona Dave Brubeck akipiga jazi mjini Lahore, alipowakusanya tena kwenye studio yake ya Sachal. Wakaichukua "Take Five", kibao kilichovuma na Brubeck, wakaipiga kwa sitari, tabla na fidla tele. Mwaka 2011 dunia ikawasikia. Brubeck mwenyewe, akiwa na zaidi ya miaka 90, alilisifu toleo lao kuwa la kipekee kuliko mengi aliyoyasikia. Mwaka 2013 walikuwa New York, jukwaa moja na mpiga tarumbeta Wynton Marsalis. Wazee waliokwisha kuweka ala pembeni!

Na Kambodia. Miaka ya 1960 vijana wa Phnom Penh walinasa redio za askari wa Marekani waliokuwa Vietnam, wakachota gitaa la roki na kuliimbia kwa Kikhmer. Sinn Sisamouth alikuwa mfalme, Ros Serey Sothea malkia. "The House of the Rising Sun" ilipata maneno ya Kikhmer. Aprili 1975 waasi wa Khmer Rouge wakaingia mjini, na waimbaji hao wote wawili wakapotea katika miaka ile ya mauaji. Mwaka 1996 nyimbo za kaseti alizonunua Mmarekani mmoja huko zilitolewa Marekani kama albamu ya "Cambodian Rocks", bila hata majina ya wasanii. Kisha kundi la Dengue Fever la Los Angeles, likiwa na mwimbaji Mkambodia Chhom Nimol, likaanza kwa kuzipiga upya nyimbo zile zile. Nyimbo zilizokwenda Kambodia zikitoka Marekani zikarudi Marekani kwa Kikhmer. Zisikilize, tafadhali, na majina ya hao wawili uyashike.

Haraka haraka sasa, kaskazini! Wafini wanne wa Apocalyptica walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1996: nyimbo 8, zote za Metallica, bendi ya roki nzito, zote kwa fidla kubwa nne zinazopigwa mtu ameketi. Wafini wengine, Leningrad Cowboys, mwaka 1993 waliimba nyimbo za roki za Marekani katikati ya Helsinki pamoja na kwaya ya jeshi la Urusi, mbele ya makumi ya maelfu ya watu.

Mongolia nao hawakubaki nyuma. The HU waliimba "Sad But True" ya Metallica kwa Kimongolia, kwa sauti nzito za kooni, na kwa zeze la nyuzi mbili lenye kichwa cha farasi kilichochongwa. Unadhani ni mzaha hadi unapoisikia, kisha nywele zinakusimama.

Ukitaka kucheka kwa furaha, mtafute Señor Coconut. Jina lake halisi ni Uwe Schmidt, Mjerumani aliyehamia Santiago, Chile. Mwaka 2000 alizichukua nyimbo za mashine za Wajerumani wenzake Kraftwerk, akazigeuza cha-cha-cha na cumbia. Na zinachezeka!

Je, wajua kwamba rumba ya Kongo ilipata mafuta yake kutoka Cuba kwa njia ya santuri? "El Manisero", wimbo wa muuza karanga wa Havana, ulirekodiwa New York na Don Azpiazú mwaka 1930 ukauzika kupita kiasi. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilileta Afrika santuri za Kicuba zenye alama ya GV, na Léopoldville huko Kongo ikazinunua. Wanamuziki wakazikariri na hata kuimba kwa Kihispania cha kubuni. Polepole gitaa likachukua kazi ya piano, Kilingala kikaingia, na mwaka 2021 UNESCO ikaiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Nairobi na Dar es Salaam tunajua wenyewe kilichofuata!

Zimbabwe, mwaka 1954! August Musarurwa wa Bulawayo, mpiga saksafoni aliyewahi kuwa askari polisi, alitoa kibao kilichopewa jina la pombe haramu ya kienyeji: "Skokiaan". Mwaka huo kilipigwa upya na bendi nyingi za Marekani hadi matoleo kadhaa yakagombania chati kwa wakati mmoja. Louis Armstrong naye alikirekodi. Mwaka 1960, akiwa ziarani Afrika, alikutana na Musarurwa uso kwa uso.

Lakini si kila mtunzi alikuwa na bahati hiyo. Solomon Linda, Mzulu, aliingia studio ya Gallo mjini Johannesburg mwaka 1939 na kurekodi "Mbube". Ile sauti ya juu ambayo baadaye ilikuja kuwa muziki wa "The Lion Sleeps Tonight" aliibuni papo hapo, karibu na mwisho wa kurekodi. The Tokens wakafika nayo namba moja Marekani mwaka 1961. Linda akafa mwaka 1962 akiwa fukara. Familia yake ilipigania haki hadi mwaka 2006 ndipo yakapatikana makubaliano ya kulipwa. Ukiuimba tena, mtaje.

Angélique Kidjo wa Benin, je? Talking Heads wa New York walitoa albamu ya "Remain in Light" mwaka 1980 wakiwa wamelewa muziki wa Fela Kuti wa Nigeria. Mwaka 2018 Kidjo akaipiga upya albamu nzima, mwanzo hadi mwisho, na kwenye ngoma akamwita Tony Allen, mpiga ngoma wa Fela. Walioazima walidaiwa, na deni lilikusanywa kwa shangwe!

Kolombia nao wanampenda Fela. Kibao chake "Shakara" cha mwaka 1972 kilipigwa upya huko na Lisandro Meza, mkali wa kodiani, kwa jina "Shacalao". Kilipigwa pia na bendi ya studio ya Discos Fuentes mjini Medellín, na hiyo bendi, shikilia benchi, iliitwa Wganda Kenya.

Na sasa nyumbani, ambako ni nyumbani kwa wengine pia. "Malaika", uliorekodiwa na Fadhili William wa Kenya, hadi leo watu wanabishana nani hasa aliutunga. Harry Belafonte na Miriam Makeba waliuimba kwenye albamu yao ya mwaka 1965, iliyoshinda tuzo ya Grammy. Boney M wakautoa mwaka 1981, Kidjo mwaka 1991. Mwimbaji wa India, Usha Uthup, aliyezoea kuimba nyimbo za klabu akiwa amevaa sari, aliuimba jijini Nairobi na kurekodi albamu huko pamoja na bendi ya Fellini Five. Kwa upande wa pili wa bahari, Juma Bhalo wa Mombasa alizichukua tuni za filamu za Kihindi na kuzivisha mashairi ya Kiswahili, taarabu ikapata ladha ya Bombay.

Them Mushrooms wa Mombasa walitoa "Jambo Bwana" mwaka 1982. Mwaka mmoja tu baadaye Boney M wakawa nao Ujerumani!

La mwisho, na hili wengi hawalijui. Mwaka 1968 kundi la The Tremeloes la Uingereza liliimba wimbo wa Daudi Kabaka, mfalme wa twisti wa Nairobi. Wimbo ni "Helule Helule", na ulifika namba 14 kwenye chati ya Uingereza. Tafuta matoleo yote mawili jioni ya leo. Anza na la Kabaka, sikiliza gitaa linavyotembea, kisha uwasikilize Waingereza wakijitahidi kulifuata.